Cheti Kisichoombwa

Jumatatu, 3 Machi
Niwie radhi, daftari. Tangu mazishi ya mama Neema sijaandika humu hata mstari mmoja. Mwalimu aliyewaadhibu wengine kwa uzembe hana udhuru.

Asubuhi kama kawaida. Nimefagia uwanja. Nimesoma gazeti na kusahihisha makosa yake kwa kalamu nyekundu. Binti yangu Neema alinikuta hapo. "Baba, kuna watu wanatafuta mtu wa kufanya hivyo hivyo."

Kampuni ya vitabu vya shule inataka msahihishaji wa Kiswahili. Mwombaji aweke wasifu wake mtandaoni. Elimu isipungue kidato cha nne.

Naitaka kazi hii. Tangu nistaafu hakuna aliyenihitaji.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kwa wakili, Temeke, na bahasha ya kaki, ili vyeti vigongwe muhuri. Sijui njia nyingine ya kumwonyesha mtu elimu yangu. Karani alivipanga mezani. "Mzee wangu, cha kidato cha nne mbona hakimo?"

Nikasema kimeliwa na mchwa.

Uongo. Cheti hicho hakijawahi kuwapo. Nilimaliza darasa la saba, nikaingizwa katika ualimu siku zile walimu walipokuwa haba: asubuhi nafundisha, mchana nafundishwa. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya mara mbili kwa kujitegemea. Nikafeli mara mbili. Marehemu mke wangu peke yake alijua.

Jioni Neema alinicheka. "Muhuri wa nini, Baba? Huku hawaombi cheti. Unaandika tu."

Jumamosi, 8 Machi
Unaandika tu! Siku mbili nimelitafakari neno hilo.

Leo Neema ameandika kidato cha nne, kwa kuwa ndivyo alivyosikia tangu utotoni. Nilikaa kando yake. Sikumzuia. Akabonyeza, na dunia nzima ikawa inasoma. Hakuna hakimu. Hakuna shahidi. Mtu anajitamkia elimu yake, na anasadikiwa.

Nimeogopa kama mtu aliyeingia kanisani na viatu vya tope.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada Neema alinipa simu, mtandao ule wa wasifu ukiwa wazi. Wanafunzi wangu wamo humo! Mfamasia. Rubani. Mtu wa kupima ardhi, ambaye hakuweza kuchora mstari ulionyooka. Nimewatambua kwa macho yao. Hawa niliwafundisha kushika penseli.

Karibu wote elimu yao inaanzia chuo kikuu. Zuhura, binti wa muuza duka wa Buguruni, sasa ni mhandisi wa madaraja. Yeye ameshuka mpaka shule ya msingi, na chini yake ameandika jina langu.

Ameniona, akaniletea ujumbe. "Shikamoo Mwalimu! Bado unachapa? Vile viboko vitatu vya darasa la nne sijavisahau. Jibu lilikuwa sahihi, ila nililinakili kwa Rehema wa dawati langu."

Nimeusoma mara nne. Neema alicheka. Mimi sikuweza.

Jumanne, 11 Machi
Nimemwambia Neema. Alikuwa akichambua mchele, mkono ukasimama.

"Darasa la saba, Baba? Na ripoti yangu ya chuo uliisahihisha yote?"

Yote, nikasema.

"Watakukataa."

Huenda.

"Mie ningekaa kimya." Kisha akainuka, akaniletea kompyuta.

Nimefuta mwenyewe, kwa kidole kimoja. Nimeandika: Elimu ya msingi, darasa la saba. Cheti cha ualimu, Daraja la C, kilichopatikana kazini. Nikabonyeza. Nikatuma maombi.

Mistari miwili tu. Maisha yangu yote niliudhani ukweli huu mkubwa kuliko nyumba. Nimekaa nikiutazama mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, 14 Machi
Mvua. Sikufagia. Gazeti lina makosa tisa.

Kampuni imejibu: maombi yamepokewa, watakaa kuamua. Zuhura ameyaona mabadiliko. Ameandika neno moja, "Mwalimu," bila kitu kingine.

Bahasha ya kaki nimeirudisha sandukuni. Wakiisha kuamua, jibu lao nitalinakili hapa neno kwa neno, hata likiwa la kunikataa.