Bamba la Mfongo Halitang'olewa

Elia, mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Dada yako Neema anaandika, mimi nasema. Nimemkataza kulainisha maneno.

Ulipokufa wazee walitaka kung'oa mashine yako mfongoni, kwenye mfereji wetu wa kumwagilia. Ipo. Nimeanza na hilo ulale vizuri.

Baada ya mazishi umeme ulikatika. Mzee Ndekirwa, jirani yetu wa chini, akataka maji ya maharage yake. Akalishika lile bamba la chuma unalofungulia maji, akaligeuza kwa mkono, kama tulivyozoea kusogeza jiwe la kuzibia mfongo zamani. Asubuhi umeme ukarudi, mota yako ikaligeuza robo ya mzunguko kama ulivyoipanga. Badala ya kufungua, ikafunga. Maji yakafurika kwenye migomba yangu, wa chini wakakauka. Wazee wakakaa, wakasema kifaa cha marehemu kina hasira, turudishe jiwe.

Nikasimama bila kuitwa. Nikawaambia Elia hakuwa na hasira hata nilipomchapa.

Unakumbuka uliponichorea mduara kwa mkaa juu ya ungo wangu mpya? Mzunguko mzima digrii mia tatu na sitini, robo yake tisini. Nikakuuliza nani alizihesabu, ukacheka mpaka ukakohoa. Kile kikohozi. Tuache.

Nikawaeleza: mota hii haikimbii kama ya mashine ya kusaga. Inapiga hatua ndogo, zote sawa, inazihesabu, inasimama. Ila haina macho. Ukiligeuza bamba mota ikiwa imezimwa, itahesabu kutoka pale inapodhani ipo. "Mfungeni Ndekirwa kitambaa machoni, mzungusheni, halafu mwambieni aende kwake. Ataingia kwa mke wa nani?"

Walicheka wote. Yeye hapana.

Nikalirudisha bamba mpaka likagonga chuma chake cha kuanzia, nikabonyeza kitufe. Likageuka robo, maji yakapita. Wazee wakaliacha jiwe, wakaenda zao.

Jioni Ndekirwa akaja na tawi la isale mkononi, mmea wetu wa kuombea msamaha. Aliyekuja na isale hafukuzwi, nikamsamehe. Tawi nimelipanda kaburini kwako, limeshika.

Nakuahidi, umeme ukikatika nitashuka mwenyewe kulirudisha bamba kwenye chuma, mvua inyeshe, magoti yaume. Maji yakilisukuma, mota inang'ang'ania. Na mimi ni hivyo hivyo. Anayetaka kuling'oa aje, atanikuta nimelikalia.

Pumzika, mume wangu. Maji yanashuka.

Bibi yako