Taulo la nusu fainali

Mwenzangu, leo nimeumbuka! Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Si unajua kwenye haya mashindano ya tenisi kazi yangu ni kukausha uwanja? Nusu fainali imesimama, manyunyu yamepita, kona moja bado ina maji. Msimamizi anafoka, "Fanya haraka, dada!" Nikanyakua taulo kitini nikidhani ni letu. Nikapiga magoti, nikafuta mpaka likawa jeusi. Nikalitupia palepale kitini.

Kumbe la mchezaji!

LA MCHEZAJI!!

Karudi, kalichukua bila hata kuliangalia, kajifuta uso mzima. Na mdomo! Kamera zote ziko kwake.

Akanigeukia anatabasamu, mashavu meusi tii: "Asante kwa kazi nzuri."

Nami nikamjibu, "Karibu tena."