Jiko Lisilopinduka

Mke wangu Mama Furaha,

Salamu kutoka Kamwokya, hapa Kampala, mvua imekatika sasa hivi. Nimepata jiko la makaa ya maganda ya ndizi, lisilo na moshi wa kukuumiza macho. Nikamweleza muuzaji, mama Mkenya, kwamba lile la kwanza ulilikataa kwa kuwa lilipinduka ukisonga ugali.

Akateleka sufuria ya maji na unga juu ya jiko, akaniambia, "Basi songa mwenyewe, mzee!"

Nikashika mwiko kwa mikono miwili, nikasonga kama mnavyosonga kwetu Uvira.

"Banange, mzee anapika!" soko likacheka, ndiyo "jamani" ya Waganda.

Jiko halikutikisika. Ugali ulijaa madonge, lakini mama yule aliula kwa heshima.

Jumatano ninakuletea. Nitakaa nawe jikoni ukipika, raha ambayo moshi umetunyima tangu tuvuke mpaka.

Wako daima,
Baba Furaha