Majina ya Matinyani Yamepatikana

Ofisi ya Misaada ya Kanisa,
S.L.P. 37,
Mwingi.
19 Septemba 1993

Mpendwa dada Mutindi,

Nakusalimu kwa furaha nyingi. Hujambo huko Gaborone? Shemeji Mutiso na watoto wanaendeleaje? Kifua cha Ndeti kimepona? Sisi hapa ni wazima, ingawa mvua imetukimbia msimu wa pili sasa. Mama anakula vizuri. Baba mguu unamsumbua asubuhi tu.

Barua yako ya Julai ilifika, na picha pia. Mama ameiweka ndani ya Biblia yake.

Sasa keti nikueleze mambo ya wiki hii.

Unajua ofisi yetu ndiyo inayoandikisha watu wa chakula cha msaada. Majina yote ya Matinyani, zaidi ya familia elfu nne, niliyachapa mimi mwenyewe kwenye kompyuta tangu Juni. Fomu za karatasi zilipelekwa Nairobi, kwa hiyo hapa majina yalibaki ndani ya mashine peke yake. Malori yalikuwa yaondoke Ijumaa, na bila orodha hakuna gunia linaloshuka.

Jumatatu fundi Nzomo alikuja kutoka Nairobi kutuongezea diski ya tatu, maana zile mbili zilikuwa zimejaa. Diski zote zinatumia waya mmoja mpana kama utepe. Kesho yake nikafungua orodha nikaona maajabu. Mjane Muthoki, yule anayekaa karibu na shule, ameandikwa na watoto wa mtu mwingine. Nikafungua tena, yeye mwenyewe hayupo. Kufika saa sita mashine ilikataa kabisa.

Nzomo alihangaika siku nzima. Jumatano asubuhi akamwambia mkubwa wetu, Bi Shufaa, kwamba diski zimeharibika, zifutwe zote tuanze upya. Kuandikisha watu upya ni wiki tatu. Dada, mimi nimepita kwa Muthoki. Nimeona anachochemsha kwenye sufuria. Wiki tatu hakuwa nazo.

Nilisimama nikasema, "Usifute. Nipe mpaka saa sita."

Nzomo aliniuliza mimi ni fundi wa wapi. Bi Shufaa akasema nipewe hizo saa.

Nilikuwa nimekisoma kile kitabu kidogo kilichokuja na diski, ambacho hakuna mwingine aliyekuwa amekifungua. Kinasema ishara ya umeme ikipita kwenye waya ikafika mwisho, lazima ikute kitu cha kuizima. Isipozimwa inagonga na kurudi nyuma, inagongana na ile inayokuja. Unakumbuka kanisa la Mbumbuni kabla halijawekwa dari, mchungaji akihubiri sauti inarudi mpaka husikii neno? Ni hivyo hivyo. Vile vipande vya kuzima ishara ni vitatu, vyembamba, vina meno kama kitana, na vinakaa kwenye diski ya mwisho tu.

Nikazima mashine, nikafungua kifuniko. Vilikuwa kwenye diski ya katikati. Zamani hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho, na Nzomo aliongeza nyingine mbele yake akavisahau pale pale. Basi ishara ilikuwa inafifishwa katikati ya njia, na mwisho wa waya ulikuwa wazi.

Nilivichomoa kimoja kimoja kwa ukucha, nikavichomeka kwenye diski ya tatu, ambayo ni ya aina ile ile. Nikawasha. Nikaandika jina la Muthoki.

Akatokea, na watoto wake watano, wote wa kwake.

Bi Shufaa alisoma jina hilo kwa sauti, akakaa chini. Nzomo akasema, "Diski hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu." Nikamheshimu kwa hilo. Tulilinganisha jumla ya kila kijiji na ile niliyoandika daftarini mwezi wa nane. Hakuna familia hata moja iliyopotea.

Tulichapisha siku mbili, nikitoa karatasi na Nzomo akizipanga. Ijumaa nilipanda lori la kwanza mimi mwenyewe. Pale Matinyani karani alisoma majina tangu asubuhi, na kila aliyeitwa aliitika na kupewa. Muthoki aliondoka na mahindi na maharagwe kwenye punda wa jirani, hata hakujua kuna lililotokea. Nilifurahi sana kwamba hakujua.

Kuanzia kesho mashine iko chini yangu. Bi Shufaa ameshaandika barua ya kunipandisha, na Nzomo ameomba nakala ya kile kitabu.

Jana nilifika nyumbani. Baba, aliyekuwa akisema kuchapa ni kazi ya kukaa tu, aliniambia nimchoree ule waya mchangani. Nilichora, akauliza maswali matatu, yote ya maana. Leo baada ya ibada nimemkuta nje ya kanisa ameinama na fimbo yake, anawachorea wazee.

Msalimie shemeji, na watoto waambie mama yao mdogo anawakumbuka. Mama na Baba wanawasalimu, na ndugu yetu Nzioka pia. Mungu awafunike huko ugenini na atuletee mvua sisi huku.

Ni mimi mdogo wako, mwenye furaha na mapenzi tele,
Kaluki