Farasi Asipewe Dawa Kabla Veterineri Hajafika

Kaka Moubarak,

Dawa ya minyoo nimeondoka nayo. Asubuhi ulitaka kumpa farasi wetu mpya bomba zima la dawa hiyo kwa kukisia, kama unavyowapa mbuzi. Nikasema hatujui alitibiwaje huko alikotoka, na minyoo mingi ikifa kwa mpigo yaweza kuziba utumbo akafa. Ukanicheka mbele ya Baba: "We mutoto, shule ya internat imekufanya daktari?"

Mpe maji na majani. Asichanganywe na mbuzi. Veterineri atakuja mchana apime mavi na uzito, ndipo achague dawa.

~~Nimekusamehe.~~ Bado.

Mavi ya kupimwa lazima yawe mabichi na yakae kwenye baridi. Yamo ndani ya frigo, katika kopo lako la chakula cha kazini. Pilau iliyokuwamo niliila, kwa huzuni kubwa.

Mdogo wako mtiifu,
Khadidja