Giza Kumi na Mbili si Mwaka

Jumatano, Ujiji. Mawingu tangu alfajiri, na jua likitoka ni la kubabaisha tu. Dagaa nilioanika Bangwe hawajakauka, na sina hata hamu ya kwenda kuwageuza.

Leo mwaka umetimia.

Nauandika huo mstari na sisikii kitu. Wiki nzima niko hivi. Nakula, naswali, nauza, naitikia shikamoo za watoto wa jirani, na ndani hakuna kinachotikisika. Jana mteja alinipunja bei mchana kweupe, nikamfungia mzigo wake na kumwambia karibu tena. Wanaonijua wanajua huyo si mimi.

Ngoja nieleze, maana humu kwenye blogu kuna wasomaji wageni.

Nina mdogo wangu, Idrisa. Yuko Ujerumani, huu mwaka wa tisa, anafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Hajarudi hata mara moja. Kwanza ilikuwa vibali, halafu nauli, halafu tukazoea. Na tuna Mama. Mwaka juzi Mama alianguka bafuni, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Tangu hapo anatembea kwa kushika ukuta, na zipo siku hatembei kabisa. Daktari alisema kuna upasuaji wa kuweka nyonga ya bandia, lakini ni Dar es Salaam, na gharama yake si ya mtu anayeuza dagaa kwa debe.

Idrisa akachukua akiba yake yote akanunua sarafu za mtandaoni. Nilimgombeza. Nilimwambia fedha usiyoweza kuishika mkononi ni hadithi. Akacheka, akasema Dada, mbona hata salio la simu hulishiki. Mpango wake ulikuwa huu: zikipanda, fedha ifanye mambo mawili. Mama apasuliwe, na yeye apande ndege aje, ili Mama akisimama amkute amesimama mbele yake. Mama tulimwambia yote mawili. Tangu siku hiyo akawa anaulizia kanzu ya Idrisa ilipo, kama bado haijaliwa na mende.

Sasa sikilizeni sheria ya Ujerumani, maana ndiyo iliyotufikisha hapa. Kule mtu binafsi akizinunua hizo sarafu akakaa nazo zaidi ya mwaka mmoja, akiuza serikali haimgusi. Faida yote ni yake, hata iwe kubwa namna gani. Akiuza kabla ya mwaka kupita, faida inahesabiwa kama kipato, wanaikata kama wanavyokata mshahara. Idrisa alinieleza hivyo hivyo, taratibu, nikaelewa.

Kisha akaniambia neno ambalo nalirudia kichwani tangu Jumamosi. Alisema, "Dada, hii programu naifuta kwenye simu. Nikiiona bei kila siku inapanda na kushuka, nitauza kwa woga. Wewe ndiye mwenye daftari. Mwaka ukitimia niambie."

Mimi ndiye mwenye daftari.

Daftari langu watu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, wanalijua. Nimeuza dagaa miaka kumi na saba na sijawahi kubishana na mvuvi kuhusu siku. Lakini daftari la dagaa halina Januari wala Februari. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haifanyi kazi mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawaifuati. Kwa hiyo wavuvi wanaingia ziwani mwezi ukiwa haupo, na ukikua ukajaa wanapumzika, wanashona nyavu, wanagawana mapato. Kipindi hicho cha kuvua tunakiita giza. Mkopo wa mafuta ni wa giza moja. Mchezo wetu wa fedha wa akina mama, kila mmoja anapokea kwa giza lake. Hata mimba nimesikia zikihesabiwa hivyo. Ziwa lilipofungwa ili samaki wazaliane, mimi niliendelea kuchora mistari yangu kwa kutazama mwezi tu.

Siku Idrisa aliponunua, giza lilikuwa linaanza. Nikachora mstari mmoja, nikaandika pembeni: IDRISA. Tarehe sikuandika.

Nilichora kumi na mbili. Lilipokwisha la kumi na mbili, giza jingine likaanza, nikampigia. Nilikuwa mwaloni, makelele ya mashine, nikapaza sauti: mwaka umetimia, uza. Akauza siku ile ile. Bei ilikuwa nzuri mno, tukafurahi, nikanunua nyama.

Idrisa ni mtu wa kufuata taratibu. Kabla hajatuma hata senti akaenda kwa mtu anayemwandalia hesabu zake za kodi. Yule bwana akatazama tarehe ya kununua, akatazama tarehe ya kuuza, akaivua miwani. Siku kumi na moja zilikuwa zimebaki.

Jumamosi ndipo aliponitumia ujumbe wa sauti. Hakunilaumu hata kidogo. Alisema tu kiasi kitakachokatwa, na kwamba kinachobaki kinatosha jambo moja.

Siku kumi na moja. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa Ujiji. Kila mwaka naona mfungo unavyorudi nyuma siku kumi, kumi na moja. Nilifunga nikiwa mtoto wakati wa jua kali, nikafunga wakati wa masika, nikaona unavyozunguka. Mtu akiniuliza kwa nini, namjibu bila kufikiri kwamba mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa kalenda. Ninajua. Nilikuwa najua siku zote, na halikunijia.

Watu wengine wakipata msiba hufua nguo. Mimi wiki hii nimesoma kodi za nchi za watu. Nimekaa kwenye meza yangu soko la Mwanga, dagaa mbele, simu mkononi, nasoma. Sijui natafuta nini. Labda nchi ambayo kosa langu si kosa.

Hapa kwetu, nilivyoelewa, wanakata asilimia tatu ya malipo yenyewe pale sarafu zinapohamishwa, na anayekata ni yule anayeendesha hilo jukwaa. Hawakuulizi umekaa nazo muda gani. Hawakuulizi hata kama umepata faida. Ni kama ushuru wa gulio, beseni likiingia unalipa, uuze usiuze. Nimelalamikia ushuru wa namna hiyo maisha yangu yote. Wiki hii nimeutamani.

Wakenya nao walikuwa na asilimia tatu yao, wameiondoa, sasa wanatoza kwenye ile ada ya huduma. India wanachukua thelathini katika kila mia ya faida, uwe umekaa nazo siku moja au miaka kumi, na ukipata hasara huku haikupunguzii faida ya kule. Nikasema hao ni wakali. Marekani ukiuza kabla ya mwaka unakatwa zaidi, ukivuka mwaka unakatwa pungufu. Ureno nao wana zile siku mia tatu sitini na tano, ukizipita huru. Nikaona Wareno nao ningewakosea vile vile. Kule Falme za Kiarabu mtu binafsi hatozwi chochote. Jirani yetu ana mtoto Dubai, na juzi nilimtazama yule mama kwa muda mrefu mpaka akaniuliza kama nina homa.

Mimi si mtaalamu, msije mkafanyia biashara maneno yangu. Lakini nilichokiona ni kwamba kila nchi ina swali lake. Moja inauliza umepata kiasi gani. Nyingine inauliza umehamisha kiasi gani. Ujerumani inauliza umengoja siku ngapi. Sisi swali letu lilikuwa rahisi kuliko yote, la kungoja tu, na kungoja tunakuweza, tumemngoja Idrisa miaka tisa.

Nikafikiria pia uongo. Nitakuwa mkweli humu. Nilimwandikia: huwezi kunyamaza tu? Watajuaje? Akajibu kwamba mambo yote yako kwenye kumbukumbu, na maombi yake ya uraia yako mezani kwa watu, hawezi kuyaharibu. Nikaona aibu. Aibu yenyewe ikapita haraka, kama vitu vyote wiki hii.

Leo asubuhi akanipigia. Tulijua sote kwamba mwaka umetimia leo, na kwamba angengoja hadi kesho tu angekuwa salama. Hakuna aliyelisema. Aliuliza hali ya hewa, nikamwambia mawingu. Akaniuliza dagaa, nikamwambia wabichi. Halafu akasema ameamua, fedha ni ya nyonga. Yeye atakuja Mungu akijalia.

Ndipo nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa kavu kabisa, kama nasoma risiti. Nilimwambia Idrisa, sikuandika tarehe. Nilihesabu giza. Kumi na mbili. Kosa ni langu, na ukitaka kunitukana nitukane leo, leo siumii.

 

"Dada," akasema, "mimi nilijua ni giza."

Nikamuuliza ulijuaje.

Akasema chumba chake kina dirisha linalotazama mashariki. Miaka yote tisa anautazama mwezi kutoka pale. Ukiwa haupo anasema moyoni, leo wameingia ziwani. Ukijaa anasema leo wanashona nyavu, Dada amepumzika. Alipofuta ile programu alianza na yeye kuhesabu. Nilipompigia kutoka mwaloni, alikuwa ameshawasha kompyuta, ameketi, anangoja simu yangu tu. Zake pia zilikuwa kumi na mbili.

"Sikuangalia kalenda," akasema. "Ghalani naandika tarehe kutwa nzima, Dada, kila mzigo na tarehe yake. Hili halikunijia kabisa."

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Sikulia. Nilitaka kulia, nikajaribu hata, haikuja. Niliwaza tu kwamba kwa miaka tisa nimekuwa nikisema Idrisa ametusahau, Idrisa amekuwa Mzungu, nimesema hivyo mbele ya watu, nimesema humu kwenye blogu hii, na mtu mwenyewe yupo dirishani anahesabu mapumziko yangu. Nimemwomba radhi. Akasema radhi ya nini.

Ilibaki kumwambia Mama.

Mama alikuwa ukumbini kwenye mkeka, mguu ameuegemeza kwenye mto, anachambua mchele. Nikamwambia habari njema kwanza: fedha ya upasuaji imepatikana, mwezi ujao tunakwenda Dar es Salaam. Akasema alhamdulillahi. Nikamwambia na ya pili. Nilikuwa nimepanga kudanganya, kwamba kazini wamemnyima likizo. Nilikuwa na uongo wote tayari, hadi jina la bosi. Lakini nilichoka, jamani. Nikamwambia ukweli wote, siku kumi na moja, kodi, daftari langu, dirisha la Idrisa.

Alisikiliza huku akiendelea kutoa mawe kwenye mchele. Ya kodi sidhani kama aliyaelewa. Ya dirisha aliyaelewa, maana hapo mkono ulisimama.

Akasema, "Nyonga hii nimeizoea. Fedha hiyo mpeni nauli mwanangu aje."

Nikamwambia Idrisa amekataa, Mama, na mimi nimekataa. Tukija kukuzika kwa sababu ulianguka tena, atakuja kwa nauli ya nani?

Maneno makali kwa mzazi, najua. Yalitoka yenyewe. Hakunikemea. Alichukua ungo akapepeta mara mbili tatu, makapi yakaruka hadi kwenye gauni langu, nikayaacha pale pale.

"Kwa hiyo anaanza tena kuweka akiba."

Ndiyo, Mama.

"Haya. Nihesabu giza ngapi?"

Nilifungua mdomo kusema kumi na mbili. Ulimi ulikuwa umeshaliandaa neno. Mama alikuwa ananitazama na ungo magotini, na hapo kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nikasikia kitu kinatikisika ndani.

Nikamwambia, kumi na tatu, Mama. Safari hii tuweke kumi na tatu.