Kurasa Ambazo Sikumsomea Baba

Dada yangu wa mbali,

Hili sijamwambia mtu yeyote: nimekuwa nikimdanganya Baba. Tangu macho yake yaingie ukungu, kila alasiri namsomea riwaya ya fundi saa mwenye ugonjwa wa figo kama wake. Katikati ya kitabu fundi anakufa. Nilipofika hapo nikashindwa, maana daktari alishatuambia mimi na Mama kwamba Baba hana miezi mingi, na Mama akakataza asiambiwe. Basi nikaanza kutunga. Siku nne sasa fundi wangu amepona na anamtafutia binti yake mchumba.

Jana Baba aliniomba kitabu. Unajua amejalidi vitabu miaka thelathini. Akapima kwa kidole gumba kurasa zilizobaki, akaguna.

"Wewe mtoto, siku nne hujafunua hata ukurasa. Fundi wa watu alikufa lini?"

Nikanyoosha mkono kukichukua kitabu, akakizuia.

"Na mimi daktari kanipa muda gani?"

Nikalia tu. Akanifuta machozi kwa kiganja.

"Haya, endelea. Huyo binti anaolewa na nani?"

Dada, njoo upesi. Ila nakuomba, usimwambie Mama kwamba Baba anajua. Mama bado anajikaza kucheka mbele yake.

Mdogo wako